Mkono mnono unafunguliwa vipi? Maswali ya briji yanayoulizwa mara kwa mara barazani petu, Malindi

Meza yetu ya briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, iko kwenye baraza moja mtaa wa Shela, Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma na yale makaburi ya mnara. Tulianza watu wanne, sasa kuna usiku meza mbili zinajaa na mtu anabaki kusimama na kikombe chake cha kahawa tungu. Kila mgeni huja na swali lile lile kwa sura tofauti: "Ami, nimepata karata nzuri mno. Nitaje nini?"

Karata mbaya hazimsumbui mtu. Unasema pasi, unamega kashata yako, unangoja mgao mwingine. Zinazowaumbua watu ni karata nzuri, yaani mkono mnono. Nimeyaandika majibu haya kwa ajili hiyo, na pia kwa sababu sauti yangu imechoka.

Kwanza tuelewane: maneno yenu ni yapi?

Aina za karata, kuanzia ya chini kwenda juu: pau, uru, kopa, shupaza. Juu ya zote kuna Bila Turufu, ambayo barazani tunaikata tu, "Bila". Kopa na shupaza ni aina kubwa, uru na pau ni aina ndogo. Karata nne zikishatupwa mezani, moja kwa kila mchezaji, hilo ni pigo moja, na mapigo yako 13. Anayetaja "2 Kopa" anaahidi kula mapigo 6 na mengine 2 juu yake, jumla 8, kopa ikiwa turufu. Matamko yote kabla ya karata ya kwanza kutupwa tunayaita mnada. Tamko la kwanza lisilo pasi ndilo kufungua.

Kwenye mifano nitatumia herufi zilizochapwa kwenye karata zenyewe: A ni ree, K mfalme, Q malkia, J jeki.

Mfumo wetu: ukifungua 1 Kopa au 1 Shupaza una karata tano za aina hiyo au zaidi. 1 Bila ni pointi 15 hadi 17. 2 Pau ndilo tamko la mkono mnono kupita yote. 2 Uru, 2 Kopa na 2 Shupaza ni mikono dhaifu yenye karata sita, na hapa sitaizungumzia.

Nguvu ya mkono nahesabuje?

Ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Kila aina ina pointi 10, karata zote 40, kwa hiyo fungu la kila mtu kwa wastani ni 10.

Wazee wanaojua majina ya zamani wana mtego wao hapa. Mfalme kwao ni mzungu wa nne, jeki ni mzungu wa tatu, malkia mzungu wa pili. Mzee mmoja mvuvi, mchezaji hodari wa karata za kawaida, alikuwa akijihesabia pointi nne kwa kila mfalme na tatu kwa kila jeki, na akapandisha mnada usiku mzima hadi mwenzake akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Hakuwa mjinga, majina yenyewe yanamwambia hivyo. Ni hesabu ya karata zilizokuja na Wareno, walewale waliotia nanga hapa Malindi mwaka 1498 na kutuachia maneno kama karata, turufu, kopa na shupaza. Wataliano wa hapa mjini bado wanayo hesabu hiyo katika mchezo wao wa briscola: mfalme 4, anayemfuata 3, wa chini yake 2. Kwenye briji mzungu wa nne ana tatu, na malkia anamshinda jeki. Isahau kidogo ya zamani ukiwa kwenye meza hii.

Lengo la hesabu ni kujua mwafika wapi wawili. Pointi 25 au 26 kati yako na mwenzako kwa kawaida zinatosha geimu. Slemu ndogo, mapigo 12, inataka kama 33. Slemu kuu, mapigo yote 13, kama 37.

Geimu ni nini hasa, na kwa nini mnaikimbilia?

Mkataba, yaani tamko la mwisho la mnada, unaokupa pointi 100 za mapigo au zaidi. Ukihesabu mapigo ya juu ya yale 6 tu, pau na uru zinalipa 20 kwa pigo, kopa na shupaza 30, Bila inalipa 40 pigo la kwanza na 30 yanayofuata. Ndiyo maana geimu ni 3 Bila, 4 Kopa, 4 Shupaza, 5 Pau au 5 Uru. Ukiitaja na kuitimiza unapata ziada ya 300, au 500 mkiwa hatarini (hali inayopangwa kwa kila mgao, ambapo ziada na adhabu hukua). Ukiishia chini yake, ziada ni 50 tu.

Huo mpango wa hesabu ulitungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini kwa meli kupitia mfereji wa Panama. Mchezo uliokomaa melini hauna ugeni mjini petu.

Mkono mnono unaanzia pointi ngapi?

Barazani tukisema mnono tunamaanisha 16 kwenda juu. Lakini swali lenyewe lina kasoro, maana linamfanya mtu adhani kwamba pointi zikipanda, tamko la kufungua nalo lazima lipande. Sivyo. Mikono mingi minono inafunguliwa kwa 1 ya aina fulani, chini kabisa. Kabla hujafungua mdomo jiulize: mwenzangu akijibu, mimi nitasema nini tena? Kama tamko lako la pili ni rahisi, la kwanza ni sahihi. Kama la pili litakubana kooni, tafuta la kwanza jingine.

Nina pointi 19 na nyinyi mnaniambia nifungue 1 Uru. Mwenzangu akisema pasi je?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Chukua mkono huu: Shupaza K Q 6; Kopa A J 4; Uru A Q 7 2; Pau K 9 5. Pointi 19, umbo tulivu (karata zimegawanyika karibu sawa kwa aina zote nne), hapa hakuna hata karata tano popote. Moyo unakuambia upige kelele. Mimi nakuambia useme "1 Uru" kwa sauti ile ile unayotumia ukiwa na pointi 12.

Mwenzako akijibu, tuseme 1 Kopa, unaruka hadi 2 Bila. Kwenye mfumo wetu mruko huo una maana moja: pointi 18 au 19, umbo tulivu. Mwenzako sasa anajua kila kitu. Ana 6? Sita na kumi na tisa ni 25, anakwenda 3 Bila. Ana 14? Anaanza kuinusa slemu. Umetumia matamko mawili ya chini kumpa picha kamili.

Sasa tuseme kiburi kimekushinda, umefungua 2 Bila. Tamko hilo kwetu ni 20 au 21. Mwenzako ana 12, anajumlisha na 21 yako, anapata 33, anaruka 6 Bila. Jumla yenu halisi ni 31. Unaangalia karata zake zikilala mezani, maana mwenza wa anayecheza huzilaza wazi, na unaona mapigo kumi na moja, basi. Nani wa kulaumiwa? Si yeye.

Na hofu ya pasi? Mwenzako akisema pasi baada ya 1 Uru ana maana hana hata 6. Tano zake na 19 zako ni 24, na hapo ni kwa uchache sana geimu ingefanikiwa. Utacheza 1 Uru, utapata pointi chache, utalala salama. Tena mara nyingi hamtaachwa hapo: pointi zilizobaki ziko kwa wapinzani, na wao pia wana midomo.

Nenda mnada wa samaki asubuhi uone. Mnunuzi mwenye fedha nyingi kuliko wote haanzi na bei ya mwisho. Mfano unaishia hapo lakini, kwa sababu yule anajua mfuko wake wote, ilhali wewe nusu ya mfuko wako iko kwa mtu ng'ambo ya meza, na njia pekee ya kuuhesabu ni hayo matamko ya chini unayoyaruka.

Nina 16 na kopa tano. Ni 1 Kopa au 1 Bila?

Wenye aina ndogo tano hawana tatizo. Shupaza K 7. Kopa A Q 6. Uru K J 10 8 3. Pau A 9 4 ni pointi 17, na ni 1 Bila bila mjadala.

Kwenye kopa tano au shupaza tano watu hugombana, na tumewahi kugombana hadi mwadhini akatutenganisha. Msimamo wangu: ukiwa na 16 na umbo tulivu, fungua 1 Bila. Jaribu ule upande mwingine uone. Umefungua 1 Kopa, mwenzako kajibu 1 Shupaza, nawe una shupaza mbili tu. Utasema nini? 1 Bila sasa ni mkono mdogo wa 12 hadi 14. 2 Bila ni 18 au 19. Zako 16 hazina kiti. Utabuni uongo fulani, na mwenzako atauamini.

Na 20 au 21?

Umbo tulivu, 2 Bila. Shupaza A Q 4. Kopa K J 5. Uru A K 8 3. Pau A 10 2: 21, taja, umemaliza. Mwenzako mwenye pointi 5 anapandisha hadi 3 Bila. Mwenye shupaza au kopa nne anauliza kwa 3 Pau kama nawe unazo nne.

2 Pau ni mkono wa namna gani?

Ni wa namna mbili, na watu hukumbuka moja tu.

Namna ya kwanza ni pointi 22 au zaidi zenye umbo tulivu. Shupaza A K 5. Kopa K Q J 4. Uru A Q. Pau K J 7 2 ni 23. Unafungua 2 Pau, mwenzako anasema 2 Uru, unasema 2 Bila: hapo umeonyesha 22 hadi 24. Ukiwa na 25 hadi 27 unaruka 3 Bila badala yake.

Namna ya pili haijali sana pointi. Ni mkono unaokaribia kutimiza geimu peke yake, hata mwenzako akiwa hana chochote. Huu hapa: Shupaza A K Q J 9 6 4, Kopa A K 3, Uru 8, Pau A 5. Hesabu pointi: 21. Anayetazama pointi tu atasema haujafika. Hesabu mapigo: shupaza saba, kopa mbili, pau moja. Kumi! Hiyo ni 4 Shupaza mwenzako akiwa usingizini. Kanuni tunayotumia ni kwamba mkono wa aina kubwa uwe na mapigo 9 ya hakika au karibu na hakika, na wa aina ndogo uwe na 10.

Mtego wake: mapigo peke yake hayatoshi. Shupaza A K Q J 10 8 6 4 2, Kopa 7, Uru 5 3, Pau 9. Mapigo tisa hayo, lakini pointi ni 10. Ukisema 2 Pau, mwenzako ataamini una maree ya nje. Atakimbilia slemu, au wapinzani wakiingia atawadabo, yaani atazidisha malipo ya mkataba wao akiamini watashindwa, akitegemea ulinzi usio nao. Mkono huu unafunguliwa 4 Shupaza moja kwa moja.

Mwenzangu amefungua 2 Pau nami sina hata jeki. Nisipite?

Usipite. Narudia kwa ajili ya walio nyuma: usipite.

Ule mkono wa mapigo kumi niliouandika hapo juu si wa kutunga, niliushika mwenyewe. Ilikuwa usiku wa kusi, upepo unazipeperusha karata hadi tukaziwekea vikombe juu. Nilifungua 2 Pau nikiwa nimetulia kama maji mtungini. Mwenzangu alikuwa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe wiki tatu. Akazitazama karata zake, akatabasamu, akasema, "Pasi." Mpinzani wa kulia naye pasi, haraka haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Karata zikalala mezani. Hana kitu, ila pau tano zimejipanga.

"Ami," akaniambia kwa furaha ya kweli, "nikaona una pau, na mimi nina pau tano."

Nilikula mapigo yangu manane kwa jasho. 2 Pau ikatulipa 40 na ziada ya 50: tisini. 4 Shupaza ingelipa 120 na ziada ya 300: mia nne na ishirini. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kwamba 2 Pau ni mkono mnono, sikumfundisha kwamba haina uhusiano wowote na pau. Ni kama hodi. Anayebisha hodi hakuambii kaja na nini, anataka uitike.

Unaitika hivi. 2 Uru: nimekusikia, endelea, na hiyo nayo haina uhusiano na uru. Tamko jingine lolote ni habari njema: pointi 8 au zaidi, na ukitaja aina iwe na karata tano zenye heshima. Baada ya 2 Uru, mwenzako akisema 2 Bila unaruhusiwa kupita ukiwa huna kitu kabisa. Akitaja aina, sisi hatusimami hadi geimu. Kuna wanaotumia 3 Pau kama jibu la pili la kusema "sina kitu, kweli sina", nao ni mpango mzuri, mradi nyote wawili mmekubaliana kabla ya kukaa.

Nina 21 na aina mbili ndefu. Hapo si 2 Pau?

Shupaza A, Kopa K 5, Uru A K J 8 4, Pau A Q 9 6 3. Mkono mzuri kweli, nami nakusihi ufungue 1 Uru.

Ufuate mnada kwa kidole. Ukifungua 2 Pau, mwenzako 2 Uru. Uru yako ya kweli sasa utaitaja kwa 3. Yeye atasema kitu, tuseme 3 Kopa. Na pau zako? 4 Pau. Umeshaipita 3 Bila, ambayo huenda ndiyo ilikuwa geimu yenu bora, na bado mwenzako hajui aina ipi ni ndefu wala una pointi ngapi. Aina mbili zinahitaji matamko mawili ya kuzitaja na la tatu la kuzithibitisha, na 2 Pau imekula ghorofa nzima kabla hujaanza.

Ukifungua 1 Uru, mwenzako akajibu 1 Shupaza, unaruka 3 Pau. Mruko huo hauachwi hadi geimu. Mmefika palepale mkiwa na nafasi ya kupumua, na 3 Bila bado iko juu yenu.

Kopa na shupaza pamoja si kali hivyo, kwa sababu zote mbili hutajwa kabla ya 3 Bila. Lakini hata hapo, ikiwa ni 20 au 21, mimi hufungua kwa 1.

4-4-4-1?

Yaani aina tatu zenye karata nne nne na moja yenye karata moja. Umbo baya kuliko yote kwa mkono mnono. Shupaza A K J 5. Kopa A Q 8 4. Uru K Q 10 6. Pau 7, pointi 19: fungua 1 Uru, na mwenzako akitaja kopa au shupaza utaruka hadi geimu kwa raha. Ukiwa na 22 na umbo hili, omba subira.

Pointi 22, lakini karibu zote ni wafalme, malkia na majeki. Ni zilezile?

Si zilezile. Shupaza K Q J. Kopa K Q J. Uru K Q J 4. Pau A 5 3. Hesabu inasema 22. Macho yanasema ree moja tu, umbo 4-3-3-3, na wapinzani wana maree matatu ya kukuamsha nayo. Hesabu ya pointi ya 4-3-2-1 inamdhulumu ree na kuwapendelea malkia na jeki. Huu mimi nauita 21 na kufungua 2 Bila. Kinyume chake, 19 zenye maree manne na aina ya karata tano nzuri naweza kuziita 20 bila kuona haya.

Wapinzani wakiingilia baada ya 2 Pau?

Kubalianeni mapema. Kwetu, dabo ya mwenza inasema "sina kitu", na pasi inasema "ninacho kidogo, endelea". Meza nyingine hufanya kinyume. Yote sawa, ila msiyachanganye usiku mmoja.

Mtaliano mmoja alifungua 1 Pau, kisha akasema pau zake ni mbili. Ni udanganyifu?

Hapana, na usimgombeze. Huo ni mfumo wa Pau ya nguvu: 1 Pau inasema "nina mkono mnono", na ufafanuzi unafuata. Vanderbilt mwenyewe alitumia mfumo wa namna hiyo. Wataliano wakaunoa hadi ukawa panga: timu yao ya Blue Team ilitwaa Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia, mara 10 kati ya 1957 na 1969, wakiwa na watu kama Giorgio Belladonna, Pietro Forquet na Benito Garozzo. Mwaka 1969 waliyekutana naye fainalini ilikuwa Taiwan, waliokuja na mfumo wa Precision uliobuniwa na C. C. Wei, ambao 1 Pau ni pointi 16 au zaidi.

Faida yake ni hiyo niliyoiimba tangu juu: mkono mnono unatangazwa chini kabisa, na nafasi yote ya mazungumzo inabaki. Hasara ni kwamba mpinzani mkorofi, akijua hujataja aina yoyote, anaruka 3 Shupaza na karata saba mbovu na kukufungia mlango. Tena kila 1 Uru, 1 Kopa na 1 Shupaza inabaki kuwa mkono wa kawaida, jambo ambalo ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa mgeni usianze na mfumo huu. Una haki lakini ya kumuuliza mpinzani maana ya tamko lake. Kwenye briji hakuna mapatano ya siri, na mwenye kukufichia ndiye mdanganyifu.

Mjomba wangu alifundishwa na Waingereza. Kwake 1 Bila ni 12 hadi 14. Nani kakosea?

Hakuna. Mjomba anacheza Acol, mfumo uliozaliwa kaskazini mwa London miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara. Kwao aina kubwa inafunguliwa hata kwa karata nne, na kwa wale wa zamani 2 Kopa au 2 Shupaza ni mkono wa nguvu wenye mapigo kama 8, wakati kwetu ni dhaifu. Msalimie, mpe shikamoo yake, na muulize kabla hamjagawa karata, si baada.

Mnacheza kamari?

Hatuchezi kwa pesa. Anayeshindwa huosha vikombe. Ukitaka hukumu ya dini juu ya karata zenyewe, muulize maalim wako. Mimi kazi yangu ni 2 Pau.

Mkono wa 2 Pau huja mara ngapi?

Kwa nadra kuliko makala haya yanavyokudanganya. Pointi 22 au zaidi huja kama mara moja katika migao 236. Tukigawa mara 24 kwa usiku, wewe binafsi utaushika kama mara moja kila usiku kumi. 20 na 21 zikiunganishwa ni kama mara moja katika migao 100. Zile 15 hadi 17 ni mgao mmoja kati ya kumi, kwa hiyo ukiwa na saa moja tu ya kujifunza, jifunze 1 Bila vizuri.

Kijana wangu anauliza: je, nikipata pointi 37?

Hizo ndizo nyingi kabisa zinazoingia mkono mmoja: maree yote, wafalme wote, malkia wote na jeki mmoja. Kuna mikono minne tu ya namna hiyo kati ya 635,013,559,600. Mapigo 13 yako mkononi na hakuna unachohitaji kujua kutoka kwa mwenzako. Mwambie kijana afungue 7 Bila, azilaze karata mezani, aagize kahawa ya watu wote.